Jibu: Honda XL125S ya mzee: usinunue jeti kabla hujasoma namba ya bodi ya kabureta

Mkuu, umesema unaitengeneza pikipiki ya mzee wako, umeshaagiza seti ya kabureta Kariakoo, na jeti kubwa (jeti ni kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta ndani ya kabureta) umeichagua kwa namba uliyoikuta kwenye kitabu ulichopakua mtandaoni. Piga simu sasa hivi uzuie hiyo oda. Na zile jeti za zamani unazotaka fundi akutupie, zifunge kwenye kitambaa uziweke kabatini kwako, siyo gereji.

Nina Honda kama hiyo, ya enzi za mabwana shamba, iko hapa Mwanga, Kigoma. Nilipokuwa Tabora niliipeleka kwa fundi mwenye jina kubwa, nikamwambia wazi kwamba naitaka ilivyotoka kiwandani. Akafungua kabureta, akaona shaba imeota kutu ya kijani, akasema, "Hizi zimekufa. Jeti ni jeti, tunaweka mpya." Akabadilisha kila kitu: jeti kubwa, jeti ndogo, sindano na kibomba inamopita. Jeti mpya ilikuwa na namba ileile ya kitabuni, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Nilipomuuliza za zamani ziko wapi, zilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ya Honda yenyewe, imeuzwa kwa kilo! Mpaka leo nikikumbuka, roho inaniuma.

Mjini ilikwenda vizuri, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Pikipiki ikiwa imesimama inanguruma, au ukivuta mafuta kidogo tu, inayofanya kazi ni jeti ndogo. Kuanzia kama robo hadi robo tatu ni sindano na kibomba chake. Jeti kubwa inashika usukani ukivuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo kuzunguka sokoni na stendi hakukuthibitishii chochote.

Nikaanza safari ya Kigoma. Nilipoipita Urambo, barabara imenyooka, mkono umevuta mafuta hadi mwisho, injini ikaanza kupoteza nguvu. Kabla sijapunguza, ikakwaruza na tairi la nyuma likakaza. Tulipofungua, plagi nyeupe kama chaki, pistoni imeyeyuka upande wa ekzosi, silinda ina michirizi. Mafuta yalikuwa machache mno kwa hewa iliyokuwa inaingia. Kutoka Kaliua pikipiki ilimalizia safari kwenye behewa la mizigo. Silinda ikachongwa, ikawekwa pistoni ya saizi ya juu, na hapo saizi ya kiwandani ndiyo imekwenda moja kwa moja.

Sasa sikiliza kwa nini namba peke yake haikusaidii. Kabureta ya XL125S ni ya kampuni ya Keihin, na namba za jeti za Keihin hufuata kwa kukadiria upana wa tundu: 100 ni kama milimita 1.00. Jeti kubwa za Mikuni, kampuni nyingine ya kabureta, zile za pembe sita hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Kwa hiyo 100 ya huyu siyo 100 ya yule, na jeti ya kuiga isiyo na alama ya kampuni huwezi kujua imefuata kipimo gani, kama kipo. Mtu mzima, miaka yote ameshika spana, anamwambia mteja jeti ni jeti!

Hicho kitabu chako nacho, angalia ni cha soko gani. XL125S ilianza kuuzwa mwaka 1979, na pikipiki za Marekani zilishaingia kwenye sheria ya moshi tangu za mwaka 1978, hivyo nyingi zilifungwa jeti za kupitisha mafuta kidogo kuliko za nchi nyingine. Ya mzee haikupitia huko.

Kwa hiyo anza na namba iliyogongwa kwenye bodi ya kabureta. Isugue kwa brashi laini na petroli mpaka isomeke. Kisha chukua namba ya fremu, utafute kitabu chenye kabureta hiyohiyo. Ndipo ulinganishe na shaba uliyoitoa. Jeti kubwa ikiwa na alama ya Keihin na namba ikilingana, isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usikubali waya upite mle ndani, unapanua tundu. Ikiziba kabisa, mshipi wa nailoni unatosha. Na urudishe chujio la hewa na ekzosi za asili, maana namba za kitabuni zilichaguliwa kwa hivyo.

Yule aliyekushauri hapo juu upunguze saizi ya jeti kwa sababu Tabora ni juu, achana naye. Tabora iko kama mita 1,200. Vitabu vya Honda vinazungumzia marekebisho ya miinuko kuanzia mita 2,000.

Piga picha ya bodi upande wa kushoto na kulia, na shaba zote zikiwa zimepangwa juu ya karatasi nyeupe, uziweke hapahapa. Seti ya Kariakoo isubiri.