Hata mgeni wa sayari nyingine apewe 'a-' yake

SWALI: Mwalimu, hujambo? Ninaandika hadithi ya kisayansi. Wageni kutoka sayari nyingine wanatua Ziwa Victoria, karibu na Dunga, kisha mvuvi mmoja anaungana na mmoja wao hadi wanakuwa mwili mmoja. Baada ya hapo niandike "kiumbe kilisimama" au "kiumbe alisimama"? Mwenzangu anashikilia "kilisimama", kwa kuwa huyo si binadamu tena. – Msomaji, Kondele, Kisumu.

JIBU: Alisimama. Ningeweza kuishia hapo, lakini mwenzako amenichokoza.

Kiumbe linatokana na kuumba, na ile ki- ya mwanzo ndiyo inayowapoteza watu. Katika upatanisho wa Kiswahili sanifu uhai unashinda umbo la neno. Kipofu amefika. Kifaru wa Ziwa Nakuru amelala. Kiongozi amehutubia, hata kama wapo viongozi wanaostahili "kimehutubia".

Kwa kuwa hadithi yako iko Dunga, tuchukue kiboko. Jioni kiboko ametoka majini, anakula nyasi, amewakimbiza wavuvi. Huyo ana a- yake kamili, na ole wako umnyime ukiwa kwenye mtumbwi. Sasa auawe. Ngozi yake ikatwe vipande virefu, ikaushwe, isokotwe. Kinachopatikana nacho ni kiboko, kile kilichotuchapa shuleni: kiboko kimekatika, kiboko kimefichwa kabatini. Neno ni lilelile na ngozi ni ileile. Uhai ulipotoka, a- ilitoka nao. Ndiyo maana tunaweza kuandika bila kumchanganya mtu yeyote kwamba viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na kwamba viboko wa Dunga hawakuhusika. Basi muulize mwenzako: huyo mvuvi wako amekatwa akasokotwa? Kama bado anapumua, hata kwa mapafu matatu, amesimama.

Mwenzako anasema si binadamu tena. Binadamu ni neno la asili ya Kiarabu, mwana wa Adamu, kwa hiyo mvuvi wako sasa ni binadamu wa upande mmoja. Na iwe hivyo. Ngeli ya A-WA haijawahi kumwomba mtu kitambulisho. Mbu wa Ahero ameniuma, kunguni amejificha, ngege wa ziwani amenaswa wavuni, naye samaki huyo hana Adamu wala Hawa. Halafu Waswahili wamezoea miili yenye wakazi wawili tangu zamani. Mtu akipandwa na pepo, akaanza kusema kwa sauti isiyo yake na kudai halua na marashi, bado tunasema anadai. Hakuna mganga aliyewahi kusema "mgonjwa kimepandwa".

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa, maana mgeni wa mwenzako hajatua bado, ilhali watu waliokwisha kunyang'anywa a- wamejaa stendi ya Nakuru. Panda matatu ya kwenda Section 58 umsikilize makanga: "Hii mama inashuka hapa!" "Kuna mtu huko nyuma haijalipa!" Hii mama! Mama mzima, mwenye mkoba na wajukuu, amewekwa ngeli moja na injini ya gari. Na si makanga peke yake. Nimesikia "hizo watoto zimefunga shule" kutoka kwa mtu aliyevaa tai. Angalau anayemtukana mwenzake "mnyama huyu" amemwachia uhai. Mnyama ni wa A-WA. "Hii mtu imekuja" inamshusha chini ya kunguni.

Mnaojitetea kwa lugha ya mama, nitawapima mmoja mmoja. Mjaluo nitamsamehe. Dholuo haina ngeli za namna hii, na kiambishi kilekile o- kinatosha kwa mtu aliyekuja na kwa gari lililokuja. Nyanya anayeniuzia omena Kibuye aniambie "hii mtoto inalia", nitalipa nikashukuru. Lakini Mluhya mwenye omundu na abandu? Mkisii mwenye omonto na abanto? Mkikuyu wa Bahati mwenye mundu na andu? Ngeli ya watu mmeinyonya na maziwa. Uvivu huo mliupata kwenye lami.

Najua mlokole mmoja ataniletea Biblia. Katika tafsiri ya Union Version, Wakorintho wa Pili 5:17, mtu akiwa ndani ya Kristo "amekuwa kiumbe kipya". Kipya, si mpya! Kweli, na kubishana na mtume sitaki. Lakini soma neno lililotangulia: amekuwa. Mtu huyo amegeuzwa kabisa, ya kale yamepita, na bado kitenzi kimemwachia a-.

Waandishi wetu wamekwisha kupita njia hii. Katama Mkangi alipotoa riwaya yake Walenisi mwaka 1995, mhusika wake Dzombo alifika kwa watu wa ulimwengu mwingine, nao wakapewa Wa- hapo hapo kwenye jalada. Livunje jina hilo upate: wale ni sisi.

Hata hivyo usiitupe ki- kabisa, wala li-. Hizo ni silaha za mwandishi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lina li-, kana kwamba wasimulizi hawakutaka tulionee huruma. Wavuvi wako wakiogopa, waache waseme "dude lile limetoka ziwani", "kijitu kile kinatutazama". Waendelee hivyo kurasa kumi. Kisha mke wa mvuvi aingie, autambue mkono ulioshika wavu, aseme "amechoka, mpeni maji". Hutahitaji aya nzima ya kueleza kama ubinadamu umebaki au umekwisha. Ila ufanye kwa makusudi. Ukichanganya kilisimama na alisimama katika sentensi moja kwa kuteleza, msomaji ataona mwandishi aliyesinzia.

Chombo chao kilichowaleta, hicho kina ki- siku zote, hata kikiwa na akili kuliko sisi. Kikianza kulia usiku, niandikie tena.

Na kama shujaa wako atapanda matatu kutoka Kondele kwenda mjini, makanga lazima aseme "hii kiumbe inashukia wapi?" Iache ndani ya alama za mtajo. Ukimsahihisha yeye, hakuna atakayeamini hadithi.