Najua istiari, najua tashbihi, mbona maksi sipati?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye pepa ya Kiingereza kuna lile swali la kupewa matini mbili tofauti uchambue waandishi wametumiaje lugha. Mimi tamathali zote nazijua na naziorodhesha, lakini karatasi inarudi imejaa "effect?" pembeni. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hiyo "effect?" nimeiandika kwenye karatasi za watu mpaka mkono umechoka, kwa hiyo hauko peke yako. Kutaja tamathali ni sawa na fundi anayekutajia spana zake zote huku gari halijaguswa, tunachotaka kujua ni spana hiyo imefungua nini.

Kabla hujaanza kuwinda tashbihi jiulize huyu anaongea na nani na anataka wafanye nini, basi. Halafu tafuta kitu kimoja kilichopo kwenye matini zote mbili uone kinafanya kazi gani huku na kazi gani kule.

Chukua takriri. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, akihutubia Bunge la nchi yake tarehe 4 Juni 1940, wanajeshi ndo wametoka kuokolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, walikozingirwa na Wajerumani, anarudia "we shall fight" tena na tena. Mwanafunzi wa kawaida ataandika "ametumia takriri kusisitiza" na kuhamia kwingine, hapo maksi anaziacha mezani. Angalia kinachobadilika: anaanza na Ufaransa, inakuja bahari, halafu fukwe, mitaa, milima, yaani adui anazidi kuingia ndani ya nchi lakini kitenzi kiko palepale hakisogei. Ardhi inapungua, nia haipungui. Na hiyo "we" imembeba msemaji na msikilizaji pamoja, hakuna aliyebaki nje.

Sasa tuseme matini ya pili ni tangazo la kampuni linalosema "We listen. We care. We deliver." Ni takriri ileile na neno lilelile ila hapa "we" ni kampuni tu, mteja yuko nje anahudumiwa, na sentensi ni fupifupi kwa sababu msomaji anapita haraka wala hajaja kusikiliza hotuba. Ukishasema hivyo tayari umelinganisha, tena ndani ya aya moja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usiandike ukurasa mzima wa matini ya kwanza, ukurasa wa pili, halafu mwishoni "zote zimetumia takriri", huko kunaitwa kuchelewa.

Habari ya gazeti inawasumbua wengi kwa sababu haina mapambo. Angalia kauli ya kutendwa. "Three windows were broken", nani kavunja? Labda mwandishi anamficha mtu, labda hajui tu, kwa hiyo usikimbilie kusema ana upendeleo mpaka uone sentensi za jirani zinasemaje.

Nukuu ziwe fupi, neno moja mpaka manne. Na ile "it makes the reader want to read on" naomba uifute kichwani kabisa, sijawahi kuipa maksi na sidhani kama nitakuja kuipa. Kipimo changu ni hiki: kama sentensi yako ya uchambuzi ukiihamishia kwenye matini nyingine yoyote inabaki kuwa kweli, basi hujachambua kitu.

Ukisahau jina la tamathali usikae unaling'ang'ania dakika tano, andika tu "verb" au "short sentence" kisha ueleze inachofanya. Mimi maksi nakupa kwenye hayo maelezo.