Kutwa Mara Tatu: Mfamasia Ajibu Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua tano ambazo, kila moja kwa njia yake, zinauliza maandishi mafupi tunayoyaweka juu ya bahasha ya dawa yanamaanisha nini mgonjwa akishafika nyumbani.

Bahasha yangu ya amoksilini imeandikwa "1x3", na muuzaji akasema ni kutwa mara tatu. Mimi humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Je, nakosea? (Mama lishe, Tanga)

Hukukosea lugha, mama; kosa ni letu sisi tuliolichagua neno hilo. Kutwa ni mchana, na ndiyo maana mtu akitaka kuuingiza na usiku husema kutwa kucha. Tatizo ni kwamba amoksilini haikai mwilini muda mrefu, kwa hiyo baada ya kidonge chako cha saa 11 jioni zinapita saa 14 kabla ya kingine, na vijidudu vilivyosalia vinapata usiku mzima wa kuzaliana bila bughudha. Tunachokusudia ni nafasi ya saa 8 kati ya kidonge na kidonge. Hata maneno hayo nayo yana mtego wake: niliwahi kumwandikia mzee mmoja "kila saa 8", akawa anameza saa nane mchana na saa nane usiku, mara mbili badala ya tatu, na kwa Kiswahili safi alikuwa amesoma sawasawa. Tangu siku hiyo huandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukichelewa kidogo hakuna neno. Ukisahau kabisa, meza pale unapokumbuka, isipokuwa kama zamu inayofuata imekaribia; hapo iache iliyopita, wala usimeze viwili kwa pamoja.

Shikamoo mfamasia. Nilipimwa nikakutwa na malaria, nikameza dawa mseto vidonge 4 saa 2 usiku, nikatapika baada ya dakika kama 20. Mke wangu alisema nisubiri zamu inayofuata. Alikuwa sahihi? (Dereva wa bodaboda, Morogoro)

Marahaba, kijana wangu. Hapana, hakuwa sahihi. Anayetapika ndani ya saa moja baada ya kumeza ALu, yaani hiyo dawa mseto yako, anatakiwa kurudia dozi hiyo nzima, kisha arudi alikoichukua aongezewe vidonge 4, maana pakiti ya mtu mwenye kilo 35 na kuendelea ina vidonge 24 tu, vya mikupuo 6, bila akiba. Akitapika tena, aende kituo cha afya, kwa kuwa huenda akahitaji sindano.

Kuhusu saa, mkupuo wa pili unafuata wa kwanza kwa saa 8, kwa hiyo wako ulipaswa kuwa saa 10 alfajiri, na najua ni wachache wanaoamka. Wa tatu huhesabiwa saa 24 tangu ule wa kwanza, yaani saa 2 usiku wa siku ya pili, na iliyobaki hufuata kila baada ya saa 12. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo: maziwa, chapati, hata karanga za kiganjani zinatosha. Ndani ya kidonge hicho kuna dawa mbili. Artemetha huvipiga vimelea kwa haraka na kutoka mwilini baada ya saa chache, ndiyo maana homa hushuka mapema na watu wakaacha dozi siku ya pili. Lumefantrini ndiyo inayobaki siku kadhaa kumalizia mabaki, na hiyo bila mafuta tumbo huipokea kwa shida.

Nina mafua na mwili unauma. Kwa siku mbili sasa nameza Panadol 2 kila saa 6, kidonge cha mafua mara tatu na cha maumivu mara mbili. Je, naweza kuendelea? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Acha leo, na uende hospitali leo hii, hata kama unajisikia vizuri. Panadol yako peke yake ni vidonge 8 vya miligramu 500, yaani gramu 4, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima kwa saa 24. Sasa geuza zile pakiti nyingine usome maandishi madogo ya nyuma: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na vipo vidonge vya maumivu vinavyoichanganya na diklofenaki. Ikiwa kila kimoja kina miligramu 500, unameza gramu 6 na nusu kwa siku. Ini linaloumizwa na parasetamoli halipigi kelele mapema. Macho ya manjano huja baada ya siku kadhaa, wakati ambapo dawa ya kuizuia sumu hiyo haina tena nguvu ile ya saa za mwanzo.

Mtoto wangu amepewa amoksilini ya unga. Maji nakadiriaje? (Baba, Mbeya)

Tikisa kwanza chupa ikiwa kavu ili unga uachie, kisha tia maji yaliyochemshwa na kupoa, funga, tikisa tena. Povu litapanda na kukudanganya kwamba umefika kwenye mstari. Subiri litulie, utaona maji yamepungua. Hapo ndipo uongeze hadi alama. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani, na utikise kila unapompa. Siku za kuitumia zimeandikwa kwenye lebo. Zikiisha, kinachobaki hakimngojei mdogo wake.

Nina presha, nameza kidonge asubuhi na jioni. Mwezi wa Ramadhani naweza kuvimeza vyote viwili wakati wa kufuturu? (Mzee, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Usivikusanye, maana presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka ukiinuka kwenye sijida. Baadhi ya dawa zinaweza kugawanywa kati ya futari na daku, na pengine daktari atakubadilishia upate ya mara moja kwa siku, kama vile amlodipini. Ila dawa ya kukojoza ina hesabu yake kwa mtu asiyekunywa maji mchana kutwa. Njoo mapema, katika mwezi wa Shaabani, na vidonge vyote unavyotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile ulivyopewa na jirani.