Usiguse spiriti kwanza

Dada yangu, umesema marehemu babako amekuachia katoni ya santuri, nyingi za muziki wa soul, zimeota ukungu, na fundi kakwambia uzipanguse kwa spiriti. Subiri! Soma kwanza kwenye lebo, ile karatasi ya katikati, kila santuri inazunguka mara ngapi kwa dakika. Zile za 78, nzito, zikianguka zavunjika kama kigae. Nyingi zake spiriti huziyeyusha kabisa. Za 45, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949, ni plastiki. Hizo chukua maji ya betri (si asidi, tafadhali), tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ufuate mistari kwa mzunguko, lebo isilowe. Anika kivulini. Jua letu la Mombasa likizipiga hujikunja, na hapo kuzinyoosha ni kazi ngumu. Kisha zisimamishe wima, mbali na ukuta wenye unyevu.

Usiuze kwa pupa. Tafuta lebo za Motown ya Detroit na Stax ya Memphis, kampuni za Marekani zilizotoa santuri za soul. Lebo ya Stax ya buluu nyepesi kwa kawaida ni ya kabla ya 1968. Na ununue sindano mpya ya gramafoni, ile kuukuu itazichuna.