Jaketi la ngozi la rubani la mtumba: mafuta yawe ya mwisho

Wengi wakipata jaketi la ngozi la rubani la mtumba wanakimbilia mafuta. Wanaliona limekauka na limefifia, wanachukua mafuta yoyote yaliyopo jikoni wanalisugua mpaka linang'aa, na wiki ya kwanza kweli linapendeza. Shida inakuja baadae, mafuta ya kula yanachacha humo ndani ya ngozi na ile harufu kuitoa ni kazi, afu yakizidi ngozi inalegea, yanapenya mpaka kwenye uzi wa mshono na kwenye bitana. Kwahiyo nyie mnaoanza shikeni hili, mafuta ndo kazi ya mwisho, na yanapakwa kidogo sana.

Cha kwanza ni kujua umeshika nini. A-2, lile fupi la jeshi la anga la Marekani lililoanza kutumika 1931, mengi ya zamani ni ngozi ya farasi na mengine ya mbuzi, hizo ni ngozi ngumu zinavumilia. G-1 la wanamaji wao kwa kawaida ni la mbuzi na lina kola ya manyoya. B-3 la Wamarekani, na pia Irvin la Waingereza, ni ngozi ya kondoo yenye sufu yake kwa ndani, na haya yakizeeka yanachanika kama karatasi ukivuta vibaya, hata kuyalowesha usijaribu. Na likiwa la enzi za vita kweli, lina mchoro mgongoni au nembo ya kikosi, we liache hivyo hivyo utafute mtu anayejua kuhifadhi vitu vya kale, ule mchoro ukishafutika hakuna wa kuurudisha. Ila mengi tunayokutana nayo ni nakala za miaka ya karibuni, na hayo ndo mazuri kujifunzia.

Sasa lilaze mezani penye mwanga. Inua kola uangalie chini yake, nyoosha mikunjo ya viwiko, chungulia makwapani. Pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya vumbi tu, sawa, ni uchafu. Kikitoka na unga mwekundu na ngozi yenyewe inapukutika ukiigusa, hiyo imeshaharibika kikemikali, inaweza kupunguzwa kasi lakini hairudi ilivyokuwa, usipoteze hela kwa dawa za kulainisha. Halafu weka tone moja la maji sehemu isiyoonekana. Likikaa juu bila kuzama, ngozi ina rangi ya kuifunika na utafanya kazi kwa amani. Likizama na kuacha weusi basi ngozi iko wazi, chochote utakachopaka kitaingia, kwahiyo kila kitu kijaribu kwanza mahali pa kujificha na usubiri kikauke ndo uamue.

Kama lina koga, yaani ukungu, toka nalo nje, vaa barakoa, lipanguse na brashi laini. Kisha changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa ukamue, futa. Jaribu kwanza lakini, spiriti inaweza kuondoa rangi.

Kwenye kuosha ndo watu wanaumiza ngozi bila kujua. Ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo, na sabuni ya kufulia iko upande wa pili kabisa, ndo maana jaketi lililofuliwa hivyo linakakamaa. Tafuta sabuni laini ya ngozi, piga povu, tumia lile povu tu na sifongo iliyokamuliwa vizuri, kipande kwa kipande, na ufute na kitambaa chenye unyevu kabla povu halijakaukia hapo. Mashine ya kufulia hapana. Bitana igeuze nje uifute yenyewe, makwapani nyunyiza spiriti kidogo, inasaidia sana kwenye harufu.

Kukausha: kivulini, kwenye henga pana ya mabega, hewa ipite. Usiliweke juani, usilipulizie drai ya nywele, maana ngozi iliyolowa inasinyaa kwa joto ambalo ikiwa kavu ingelistahimili, na ikishasinyaa imesinyaa. Lipe siku mbili tatu.

Wakati linakauka angalia vishikizo vya shaba na zipu. Pale chuma kinapogusa ngozi utakuta kitu cha kijani, kimeganda kwa ulaini kama nta, hicho kinatokana na mafuta ya ngozi kukutana na shaba. Kitoe na kijiti cha meno, taratibu, ukisukuma kuelekea nje ya ngozi ili usiipake, kisha futa na pamba kavu. Nyie wenye haraka msikisugue na kitambaa, kinaingia kwenye vinyweleo na doa linabaki. Zipu ngumu ipitishie ncha ya penseli kwenye meno yake, pande zote mbili, halafu ivute taratibu mara kadhaa.

Hapo sasa mafuta. Chukua krimu ya ngozi yenye nta ya nyuki au lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), kiasi cha punje ya njegere kwa mkono mmoja mzima, paka na vidole, subiri usiku kucha. Kesho yake ikinywa yote, ongeza kidogo tena, ikibaki inanata juu, ifute na uache. Ngozi itakuwa nyeusi kidogo, kawaida.

Palipochanika usishone kwa sindano, matundu yanazidisha mpasuko. Pitisha kipande chembamba cha ngozi kwa ndani, paka gundi ya ngozi inayokunjika, rudisha kingo ziguse, lilaze na uzito juu. Vile vibanio vya sufu vilivyofumwa mwisho wa mikono ya jaketi vikiliwa na nondo, weka jaketi kwenye mfuko uliofungwa kabisa ndani ya friza ya nyuzi -18 za Selsiasi kwa wiki mbili ndo ufikirie kuvibadilisha, la sivyo unabadilisha na nondo wanabaki.