Hema la "watu 6" halilazi watu sita

*Safu ya fundi mshonaji wa maturubai na mahema, Kigoma mjini. Mwezi huu barua nyingi ni za familia zinazotaka kupiga kambi kwa gari lao wenyewe.*

Shikamoo fundi. Tuko sita nyumbani: mimi, baba watoto na watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 na wa mwisho mitatu. Tuna Prado ya mtumba. Likizo ya Juni tunataka kwenda Katavi kupitia Uvinza na Mpanda, na Desemba tulale ufukweni upande wa Katonga. Dukani nimeonyeshwa hema jepesi la buluu iliyokoza, limeandikwa "watu 6". Jirani naye anauza hema la turubai la pamba, zito, linabebwa na wanaume wawili. Mume wangu analitaka lile jepesi. Tuchukue lipi?
*Mama wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba, mama. Tuanze na ile namba. Mwenye kiwanda akiandika "watu 6" anahesabu watu wazima sita waliolala bega kwa bega, bila begi, bila ndoo, bila mtoto wa miaka mitatu anayelala huku na kuamkia kule. Mengi ya aina hiyo yana sakafu ya futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kwa 3. Chukua chaki, uchore mraba huo sebuleni, utandike magodoro, uwalaze wanao wanne na ninyi wawili. Mtapata jibu kabla ya kutoa hata shilingi.

Wanaohudumia wakimbizi wana kipimo chao: mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, na yale mahema meupe ya familia yaliyosimamishwa kwenye kambi za Kasulu na Kibondo yana chumba cha mita za mraba 16 kwa watu watano. Hayo ni ya watu wanaoishi humo kwa muda mrefu. Ninyi mnalala siku chache na mchana mko nje, kwa hiyo hamna haja ya kufika huko. Ila mimi nisingeshuka chini ya mita za mraba 12 kwa familia yako, na kwa maandishi ya dukani hilo ni hema la "watu 8" au zaidi. Tafuta pia lenye kimo cha kusimama katikati, mita 1.9 hivi. Kumvisha mtoto nguo ukiwa umepiga magoti siku nne mfululizo ni mateso ya kiuno, na mvua ikiwafungia ndani mchana kutwa utaona thamani ya kusimama.

Sasa mumeo na uzito. Naelewa kwa nini wepesi unamvutia, lakini hema jepesi limetengenezwa kwa anayelibeba mgongoni. Ninyi mtabebewa na gari. Kilo 30 au 40 za turubai kwa Prado si mzigo. Kinachowahusu ni nafasi: mkikaa sita, siti za nyuma kabisa zitatumika na buti litakuwa limekwisha, kwa hiyo hema litakwenda kwenye keria, limefungwa kwenye mfuko imara na kufunikwa vumbi. Mkishaukubali ukweli huo, wepesi unakuwa si hoja tena, na pesa yenu inaweza kwenda kwenye vitu vinavyowalinda usiku: kitambaa, mshono, sakafu na zipu.

Rangi nayo itazame. Njia hiyo ya Uvinza hadi Katavi inapita kwenye miombo, na miombo ya huku ina ndorobo. Ndorobo huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao unayoiona imening'inizwa porini imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Hawasumbui usiku, wao ni wa mchana, lakini mchana ndipo mnapokula na watoto wanapocheza kando ya hema. Chagua kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Nguo za watoto vilevile.

Nakushauri uende kwa jirani, lakini uende kama mnunuzi mwenye macho. Omba hema lisimamishwe lote, usikubali kulitazama limekunjwa. Ingia ndani, funga mlango, tazama juu: jua likipenya kwa nukta nukta, kitambaa kimeshaliwa. Nusa pembe za chini. Ukungu una harufu yake, na madoa meusi yakishaingia kwenye pamba hayatoki kwa sabuni. Huko uzi umeanza kuoza. Shika kitambaa pande mbili za mshono uvute kwa nguvu. Matundu ya sindano yakifunguka na kubaki wazi, mshono umechoka, ingawa huo unashoneka upya. Turubai zuri la hema lina uzito wa gramu 350 hadi 400 kwa mita ya mraba, na lililofumwa kwa vimiraba vidogo vya uzi mnene lina faida moja kubwa: likitoboka, tundu halikimbii.

Halafu zipu. Geuza kile kichwa cha zipu, nyuma yake mara nyingi kuna namba. Namba 10 ni zipu nene, ya hema. Namba 5 ni nyembamba, na vumbi la barabara zetu huiharibu upesi. Zipu ndiyo kitu ninacholetewa kutengeneza kuliko vyote, na mlango usiofunga porini si mlango. Unataka pia sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta pande zote, isiyo na upenyo wa nyoka, nge wala siafu, na madirisha yenye wavu wa mbu usiochanika. Kigoma na Tabora ni mikoa ya malaria. Wavu uliotoboka ushonwe kabla ya safari, na mtoto mdogo bado alale ndani ya chandarua chenye dawa.

La jirani likipita majaribio hayo, lichukue. Turubai la pamba linapumua, halipigi kelele kwenye upepo, na likichanika fundi yeyote mwenye cherehani nzito atalishona. Kazi yake ni moja, nayo usiifanyie uvivu: lisikunjwe likiwa bichi. Mkilazimika kulikunja na umande, likifika nyumbani lianikwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Na msiliache limetandazwa chini wiki nzima, mchwa wanapenda pamba.

Likishindwa, rudi dukani utafute la polista, si la nailoni. Nailoni ikilowa inalegea, na jua huidhoofisha upesi zaidi. Kwenye karatasi yake tafuta kipimo cha maji kwa milimita. Maana yake ni urefu wa maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla hakijaanza kupitisha. 1,500 kinatosha mvua ya kawaida. Kwa Desemba yetu mimi ningetaka 3,000, na paa la mvua, yaani kile kifuniko cha nje, linaloshuka karibu na ardhi pande zote. Yale yenye kofia ndogo juu tu ni ya kiangazi. Fito zake ziwe za chuma au alumini. Zile za faiba hupasuka nyuzi nyuzi, na vijiti vyake huingia kwenye vidole vya watoto.

Lolote mtakalochukua, lisimamisheni uani wiki mbili kabla ya safari, mlimwagilie maji kwa mpira nusu saa, mmoja wenu akiwa ndani. Hema jipya la pamba linahitaji maji hayo kwa sababu nyingine pia: nyuzi zikilowa hufura na kuziba matundu ya sindano. Lilowe, likauke, lilowe tena.

Katavi mtalala kwenye maeneo ya kambi yaliyotengwa na hifadhi, na chakula chote, hata ndizi moja ya mtoto, kilale ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa. Tembo na fisi hufuata harufu. Upande wa Katonga, waulizeni wavuvi mahali pa kusimamisha hema kabla ya kushusha mzigo. Wao wanajua mamba anaonekana wapi na mto wa msimu unapita wapi mvua ikinyesha milimani. Hema likae mbali na maji na juu kidogo, hata kama chini pana mchanga mzuri zaidi. Radi ikianza, ingieni garini mfunge vioo. Hema haliwakingi na radi. Bati la gari linawakinga.

Mwangaluka fundi. Nataka lile hema linalokaa juu ya gari, watoto wangu wawili wameliona kwenye video na wamelipenda. Gari langu ni dogo la familia, si la porini.
*Mwalimu, Urambo*

Mwangaluka, mwalimu. Hema la juu ya gari ni zuri kwa watu wawili, pengine na mtoto mmoja. Wewe una watoto wawili. Na kabla ya ukubwa, kuna uzito: mengi yana kilo 45 hadi 80, na keria nayo ina kilo zake. Kila gari lina kiwango ambacho paa lake linaruhusiwa kubeba likiwa linatembea. Kwa magari mengi madogo ni kilo 75 au pungufu, na kwenye barabara ya mashimo unapaswa kubaki chini zaidi ya hapo. Gari likisimama, paa linahimili mara kadhaa ya hizo, ndiyo maana watu wanaweza kulala juu yake. Kinacholiumiza ni mtikisiko wa safari. Kitabu cha gari la mtumba kutoka Japani kimeandikwa Kijapani, basi mtafute mtu akusomee ukurasa huo kabla hujalipa. Usikisie.

Tena hema hilo likishafunguliwa, gari limefungwa kambini. Kila mkitaka kwenda kisimani au kutazama wanyama, mnakunja. Na mtoto anayeamka usiku kujisaidia anashuka ngazi gizani. Kwa familia yako na gari lako, hema la chini. Ukitaka kivuli cha kando ya gari, nikushonee turubai la mita 3 kwa 3 lenye pete pembeni, ufunge upande mmoja kwenye keria na mwingine kwenye nguzo mbili.

Fundi, hema letu la mtumba linavuja kila asubuhi hata siku zisizo na mvua. Nilete ulizibe?
*Kasulu*

Usilete kwanza. Watu watano wakilala kwenye hema lililofungwa kabisa, pumzi yao usiku kucha inakuwa maji kwenye kitambaa baridi. Asubuhi pitisha kiganja ukutani. Unyevu ukiwa umetapakaa kote sawasawa, hiyo ni pumzi; acha matundu ya juu na dirisha moja wazi, wavu ukiwa umefungwa, na hakikisha paa la mvua limekazwa kamba lisigusane na hema la ndani. Maji yakifuata mstari wa mshono au kutona mahali pamoja, hapo unavuja, niletee.

Kwa kuwa ni la mtumba, fanya na hili: sugua upande wa ndani wa paa la mvua kwa vidole. Likinata, au likimwaga ungaunga kama ngozi iliyobanduka, ule mpako wa kuzuia maji umekufa, na hakuna gundi yangu itakayoufufua. Nawaambia wateja hivyo waziwazi hata nikikosa kazi, maana familia itakayolala chini ya paa hilo Desemba haitasahau.

Usiku wa Juni na Julai Tabora una baridi. Tukienda kulala bwawa la Igombe, kuna ubaya gani kuingiza ndani jiko la mkaa uliokwisha kukolea, usio na moshi?
*Kijana wa Tabora*

Mwanangu, usiingize. Mkaa usio na moshi ndio unaoua watu wakiwa usingizini. Hewa yake ya sumu haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Unasikia usingizi mzito tu, basi. Si mkaa, si jiko la gesi, si jenereta mlangoni, si hata dakika kumi za kupasha joto. Baridi ya huko inapanda kutoka ardhini: weka mkeka na godoro chini yako, blanketi la pili, soksi. Na kama kuna mtu kwenye kundi lenu anayesema amewahi kufanya na hakuna kilichotokea, wewe ndiye utoe jiko nje.

Tukinunua hema kubwa la familia, litatufaa Gombe?
*Msomaji, Gungu*

Gombe hakuna barabara ya gari, mnakwenda kwa boti, na kila kitu kinabebwa kwa mikono kutoka ufukweni. Kwa huko azima hema dogo, na muulize kwanza hifadhi mahali wanaporuhusu kulala.

Vigingi vyetu vinang'oka mchangani kila upepo wa ziwa ukivuma.
*Baba wa Ujiji*

Vile vijiti vyembamba vinavyokuja na hema vitupe, mzee wangu. Kwa ardhi ngumu, mwambie mchomeleaji akukatie nondo ya milimita 10, urefu sentimita 40, aipinde kichwa. Mchangani hata nondo haitoshi. Chukua viroba vitupu, vijaze mchanga, ufunge kamba ya hema katikati ya kila kimoja, uvizike futi moja na nusu na kushindilia juu kwa miguu. Kamba iende mbali na hema, isiwe wima. Gari lisimamishwe upande upepo unakotokea, na moshi wa injini usielekee mlangoni. Usiku kamba huwa hazionekani. Funga kila moja kitambaa cheupe kwenye kimo cha goti la mtoto.