Chai ya barafu isiyo na ukungu wala ukakasi

Majani mengi yanayouzwa madukani, yawe ya Kericho au ya Mufindi, ni ya punjepunje: yametengenezwa yachemke na maziwa na yakolee haraka. Ukiyachemsha dakika kumi kama chai ya asubuhi, kisha ukaongeza barafu, utapata kitu cheusi kinachokausha ulimi. Kwenye chai ya maziwa ukakasi huo hausikiki sana kwa sababu maziwa huudaka. Hapa maziwa hayapo. Kwa hiyo majani ya chai ya barafu hayachemshwi.

Kwa lita moja, chemsha nusu lita ya maji, zima moto, ndipo utie majani: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, yaani kama gramu 10, au vipakiti vitano vya gramu 2. Funika dakika nne, zikizidi sana tano. Chuja, na usiyakamue majani kwa kijiko, maana matone hayo ya mwisho ndiyo machungu kuliko yote. Ukitaka chai kali zaidi ongeza majani, usiongeze dakika.

Sukari itie ikiwa bado moto, la sivyo itazama chini na kukaa huko. Vijiko vikubwa vinne vinatosha watu wengi, lakini onja: ikiwa moto inapaswa kuwa tamu kidogo kupita upendavyo, kwa sababu baridi hupunguza utamu mdomoni. Nyumba yenye wanaopenda sukari na wasioipenda iweke sukari ya maji pembeni: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ichemke hadi iyeyuke, ipoe, iingie kwenye chupa safi na kukaa friji.

Mwenye haraka aimimine ile nusu lita juu ya nusu kilo ya barafu. Sehemu kubwa itayeyuka na kuwa yale maji yaliyopungua. Tumia jagi la stili. La glasi hupasuka. Asiye na haraka aongeze nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, aache mezani kama saa moja, ndipo aweke friji.

Tatizo linalowasumbua wengi ni ukungu: chai iliyokuwa angavu inatoka friji kama maji ya mfereji. Haijaharibika. Kafeini na zile kemikali za ukakasi hushikana chai inapopoa, na kadiri ilivyo kali ndivyo zinavyoshikana zaidi. Ndiyo maana tunaizimua kwanza na kuipoza mezani. Ikishaingia ukungu, mimina maji kidogo yanayochemka huku ukikoroga, itang'aa tena. Utando unaoelea juu ni jambo jingine, huo huletwa na maji magumu, hasa ya visima. Yachemshe mapema, yaache yatulie, kisha tumia ya juu na uache chokaa chini.

Ndimu ikamuliwe chai ikiwa imepoa, moja kwa lita. Utaona rangi ikihama mbele ya macho kutoka kahawia hadi dhahabu. Ni asidi tu, chai haijachujuka. Usiikamulie ndani ya sufuria ya aluminiamu, na maganda yasilale humo, yanaleta uchungu. Mchaichai na tangawizi ya kuponda vitangulie kuchemka kwenye maji dakika kumi kabla ya kuzima moto. Nanaa ingoje mwisho kabisa, ipigwe kofi moja kiganjani, iingie kwenye chai baridi.

Ipo pia njia ya bila moto: gramu 8 za majani kwa lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya friji saa sita, kisha chuja kwa kitambaa. Inatoka laini, karibu haina ukakasi, na ukungu ni nadra. Ila usiiache juani wala mezani kutwa nzima, kwani maji ya uvuguvugu yenye majani ni makazi mazuri ya vijidudu.

Ndani ya friji imalize kwa siku mbili, tatu mwisho. Umeme ukikatika usiku kucha, imwage. Ikivutika kama kamasi au ikitoa povu, imwage bila hata kuonja. Na vibarafu vigandishwe kwa chai yenyewe kwenye trei, ili glasi ya pili isiwe maji yenye rangi.